Nimefuta jina la Odero

Zena uko? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Si unajua leo chama chetu cha nasaba kilikuwa kinaunganisha rekodi na wale wageni wa Uskoti, hapa Hurlingham. Nikaonyesha mchoro wa ukoo wetu kwa ukuta, na baba amekaa mbele na koti yake ya kanisa.

Mgeni mmoja akauliza, kwa upole tu: "Huyu babu yako Odero alikufa 1952. Alimzaaje baba yako 1956?"

Watu wakacheka. Nikashikwa na aibu.

Zena, kwetu Wajaluo mtu akifa ndugu yake anarithi mjane, na watoto watakaozaliwa ni wa marehemu, hata kuzikwa wanazikwa kwa boma yake. Hakuna mtu husema vingine. Hakuna. Mimi nikasema. Kwa maiki. "Ni makosa, babake ni Were, ndugu ya Odero."

Nikasema hivyo na baba ananiangalia.

Wakafuta Odero hapo hapo, wakaandika Were. Wakapiga makofi.

Sasa mzee amekaa hapa nje kwa ngazi. Hataki maji, hataki gari. Ananiuliza kitu moja tu: siku akikufa, tutamzika kwa boma ya nani.