Farasi wa Bonde la Nyuma

Tolliver, Ohio
16 Julai 1863

Baba mpendwa,
Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Sisi tu wazima, ila hatuna farasi hata mmoja.

Jeshi la farasi la waasi wa Kusini lilipita Jumanne. Walipekua kabati, wakala mikate yote. Mmoja akaniambia, “Mama, mbona umenuna kama tumekuja kuposa?” Obed wangu na wenzake kumi walikuwa darajani tangu alfajiri, wamejificha nyuma ya magogo na bunduki zao za kuwindia. Hawakuona mtu. Wale walichepuka moja kwa moja hadi bonde la nyuma ya kanisa, wakachukua farasi wote ishirini tuliowaficha.

Kuna aliyewaambia. Watu wanamtaja jirani yetu Teague, kwa kuwa alizaliwa Kentucky, ng’ambo ya mto walikotokea wale.

Mwanao,
Keziah

Ellery
18 Julai

Mwanangu Keziah,
Marahaba. Goti halijambo. Nashukuru Mungu mko hai, na Obed yuko hai.

Hapa pia walipita. Mwambie mumeo amwache Teague. Kuzaliwa Kentucky si kosa. Farasi watapatikana wengine.

Baba yako

Tolliver
21 Julai

Baba,
Shikamoo. Barua yako fupi imenitia wasiwasi. Unaumwa?

Obed hasikii. Jana walimtoa Teague nje mbele ya mlango wake. Obed akamuuliza, “Walikulipa nini?” Teague akasema hakuwaambia neno. Alimwona mzee mbele ya msafara, kichwa wazi, mikono imefungwa kwenye tandiko. Wakamcheka. “Mzee gani huyo? Babu yako?” Wamempa hadi Jumamosi awe amehama, la sivyo watachoma nyumba yake naye ndani.

Obed simtambui tena. Ningekuwa na farasi wa kukuletea ningekuita.

Mwanao,
Keziah

Ellery
23 Julai

Keziah mwanangu,
Sina muda wa salamu. Mzee yule ni mimi.

Walinikuta uani, wakanifunga juu ya farasi niwaonyeshe njia. Walikuwa kama mia nne. Kwenye njia panda kamanda wao akauliza, “Darajani kuna watu?” Obed alikuwa amenipa habari wiki ile kwamba watalilinda, na mahali watakapoficha farasi. Watu kumi na mmoja, Keziah, na nusu yao wazee kama mimi. Farasi wa wale jamaa walikuwa hoi, wanatoka povu. Nikasema daraja limebomolewa, lakini bondeni nyuma ya kanisa kuna farasi wapya. Akacheka. “Mzee una akili wewe.” Wakanishusha maili mbili mbele.

Nilirudi kwa miguu nikanyamaza. Niliona haya. Nilidhani mtawalilia farasi wiki moja, yaishe. Sikujua nimemwachia mtu mwingine mzigo wangu.

Isome hii mbele ya watu wote, na Teague awepo. Goti limevimba tangu mwendo ule, siwezi kufika kabla ya Jumamosi. Nitakuja nikiweza kusimama. Obed akitaka kunifanya lolote, nitakuwa hapo.

Baba yako

Tolliver
29 Julai

Baba,
Barua yako imefika Jumatatu. Mpeleka barua naye alinyang’anywa farasi, anatembea.

Teague aliondoka Jumamosi asubuhi na begi moja. Hakutuangalia. Nyumba yake waliichoma hivyo hivyo, na Obed alikuwepo.

Nimeisoma barua kanisani, kila neno. Wale kumi waliokuwa darajani walitazama sakafu. Obed alitoka nje, akakaa ngazini muda mrefu, kisha akaniomba mkate wa njiani. Amekwenda kumtafuta Teague upande wa mtoni. Leo ni siku ya pili.

Nina hasira nawe, Baba. Na mume wangu ninaye kwa sababu yako. Sijui niyaweke wapi haya mawili.

Ngano ya Teague imekauka, inapukutika. Nimeanza kuikata peke yangu. Jana walikuja wanawake wawili, wakaingia shambani. Goti likikuruhusu, njoo na mundu.

Mwanao,
Keziah