Kijiko cha Saba cha Mama Gudveig Lofthaug

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Machi, theluji ikiwa bado imelala chini ya mitofaa yako na kahawa yako imebaki nusu kikombe dirishani. Kikombe tulikiosha. Kiti chako hakuna aliyethubutu kukikalia, hata Asle, kitinda mimba wako asiyejua haya.

Watu wengi wa huku kwetu Hardanger wanakukumbuka gatini, ulikowauzia abiria wa kivuko kahawa na keki bapa za jemu kwa miaka thelathini. Mtoto hakupita mbele yako mikono wazi wakati wa baridi. "Hebu njoo hapa wewe! Mama yako anajua umetoka bila glavu?" Ulikuwa na sanduku zima la glavu zilizosahaulika kwenye kivuko, na hukujali kama za kushoto na za kulia zinafanana.

Sisi wa nyumbani tunakukumbuka kwa vijiko. Kila mjukuu aliyebatizwa alipata kwako kijiko cha fedha, cha zamani, ambacho mgongoni kina jina la mtu aliyekufa kitambo. Fundi alitaka kuyafuta majina hayo, nawe ukamkatalia katakata. Jina la mtoto wetu lilichorwa chini ya lile la kwanza. Ulichagua vijiko vilivyolika ukingoni kwa kukwangua bakuli. "Mwenye hiki alikula akashiba, akakua," ulikuwa ukisema. "Kijiko kipya kinajua nini?"

Na vyote vilikaa kwako. Tulipoviomba ulituambia kwamba majumbani kwetu vitaishia kuchimbia mchanga. Kila mkesha wa Krismasi, kabla ya uji wa mchele, ulikaa dirishani na unga wa chaki na kitambaa laini, ukavisugua huku ukihesabu kwa sauti mpaka saba.

"Bibi, wajukuu ni sita!" Leidulf alikuwa haachi kukuchokoza. "Hesabu kwa vidole."

"Ndevu zote hizo, na bado hujui kuhesabu! Kaa chini ule."

Tulicheka kila mwaka. Tulidhani ni uzee. Torunn, mke wa mwanao Halvard, hakucheka. Aliinuka akaenda kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva. Tulimwona, Mama, na tukanyamaza, maana sisi watu wa huku tunadhani kunyamaza ndiyo adabu.

Miaka kumi na tisa iliyopita Torunn alijifungua binti, mtoto wake wa kwanza. Aliishi siku mbili. Kwetu jina la mtoto halitajwi mpaka mchungaji alitamke kwenye kisima cha ubatizo, na huyo hakufika huko. Jiwe lake liliandikwa tu "Binti yetu". Jina walibaki nalo wazazi wawili, na hakuna aliyeuliza. Wewe ulikwenda kwao kila siku na supu, ukafua, ukapiga pasi, ukaondoka. Hukumtaja mtoto hata mara moja. Torunn aliliweka hilo moyoni. Siku ya mazishi yako alimwambia Halvard, "Mama yako alinitendea wema sana. Lakini alimsahau mwanangu. Hilo siwezi kulimeza."

Vuli iliyopita tulikutana kwako kugawa vijiko. Torunn ndiye aliyefungua sanduku. Alitoa sita, kila kimoja na mwenyewe. Vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi, si unajua fedha isiposuguliwa. Kisha akaona kitambaa cha chini kimevimba kidogo. Akakiinua.

Kijiko cha saba kilikuwa kimeviringishwa kwenye leso yako ya kanisani. Kiling'aa kuliko vingine vyote. Mgongoni palikuwa na jina la zamani lililofifia, na chini yake: Signy. Na tarehe moja tu.

Torunn alikaa sakafuni palepale. "Nani alimwambia?" akauliza. "Halvard! Nani alimwambia mama yako?"

Halvard alikuwa ameshika mlango. "Mimi. Aliniuliza siku tuliyomzika mtoto. Akaniambia hataki kukutonesha kidonda, utamtajia mwenyewe siku utakayoweza. Akaniapisha nisiseme."

"Miaka kumi na tisa mimi nasubiri aniulize!"

"Naye alisubiri umwambie."

Torunn alipitisha kidole gumba ukingoni mwa kile kijiko. Hakikulika hata kidogo. Katika vijiko vyote vikuukuu vya duniani ulimtafutia Signy kimoja ambacho hakikuwahi kulisha mtu. Hapo ndipo alipolia, Mama, alilia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, na katikati ya kilio akacheka. "Bibi kizee huyu! Mkaidi mpaka kaburini. Si ungenishika mkono tu, tulie wote?"

Na sisi tunakuuliza hivyohivyo, kwa upendo. Kwa nini hukusema? Tunakulaumu kidogo, na tunajilaumu zaidi, maana tulikusikia ukihesabu na hatukukuuliza wa saba ni nani. Tulikaa naye mezani kila Krismasi tukakuachia wewe peke yako kumkumbuka.

Mkesha wa Krismasi iliyopita Torunn alikaa dirishani na unga wa chaki. Alivisugua vyote. Leidulf alimsogelea, hakutania, akachukua kitambaa kingine.

Wiki iliyopita, mimi binti yako mkubwa nilipokuwa naandika tangazo hili, Torunn alipiga simu. "Borghild, mwishoni utaandika majina ya wajukuu?"

"Kama kawaida."

"Basi uandike wote. Kwa kufuatana na kuzaliwa. Usimweke mwisho."

Unakumbukwa leo na siku zote na wanao, Borghild, Halvard na Asle. Na mkweo Torunn, ambaye anakuomba radhi na anakushukuru. Na wajukuu zako: Leidulf, Ragna, Tarjei, Signy, Mali, Ottar na Eldrid.

Ni saba, Mama. Hatutakusahau kamwe.