Kurasa Nilizoziruka

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, 5 Oktoba 2025.

Mpendwa shangazi Clara,

Shikamoo. Ukishaitikia hiyo pokea na ya pili, maana mwalimu mstaafu haridhiki na moja. Magoti yanasemaje asubuhi hizi? Mvua zimeshaanza kunukia huko Tabora au bado mnakula vumbi? Dada Editha alinitumia picha yako umekaa uani na miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, nikajua huyu mzima na bado anatafuta miwani.

Sie huku wazima. Mama mzima, mie mzima, na neno hilo safari hii nimeliandika kwa raha zangu, kwa mwandiko mkubwa, kama unavyoona.

Simu ninayo na bando ninalo, ila wewe ulishasema habari isiyo na karatasi kwako haijafika. Basi nimekaa mezani tangu kutoka kanisani. Tandika nzima hii, kijana wa miaka ishirini na mbili anayeandika barua kwa mkono ni mie peke yangu, tena aliyeishia kidato cha pili. Ukikuta kosa litengeneze kimyakimya. Usinirudishie na wino mwekundu kama ulivyofanya mwaka juzi, nilichekwa na mtaa mzima.

Kwanza nikushukuru kwa kile kifurushi cha Juni. Asali tuliipata, lita mbili kamili. Shangazi, mgonjwa wa sukari unamtumia asali? Nilibeba mzigo huo mie mwenyewe, kijiko kwa kijiko, kwa ajili ya afya ya mama. Ila kilichonifanya nishike kalamu ni kile kitabu ulichokifunga chini ya asali, *Kalunde wa Kambini*. Nilipokiona nilisema shangazi sasa amezeeka, anamtumia kitabu mtu anayefunga minyororo ya makontena kwenye yadi ya Kurasini. Mie nilikuwaga naamini vitabu ni vya watu wasioweza kunyanyua kitu kizito. Nimefuta kauli.

Kwenye simu nilikuambia mama amefanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri, nikakuaga haraka. Sikukuambia kilichotokea kabla yake, kwa sababu mwenye kosa nilikuwa mie. Leo nakuambia.

Mama alilazwa mwishoni mwa Julai, kile kidonda cha kidole cha mguu kilipoanza kuwa cheusi. Kila nikitoka yadi nilikuwa nakwenda kumwona, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, nikifika hatuna la kusema. Naangalia mguu, na yeye ananiona ninavyoangalia mguu. Siku ya tatu nikabeba kitabu ili macho yangu yapate pa kukaa. Nikaanza kumsomea.

Ulikichagua mwenyewe kwa hiyo unakijua, ila acha nikuhadithie, mie nahadithia vizuri kuliko aliyekiandika. Kalunde ni binti wa Kinyamwezi, mumewe kakamatwa kwenda kubebea wanajeshi mizigo kwenye ile vita ya Wajerumani na Waingereza. Yeye hakubaki nyumbani kulia. Akafuata msafara kwa miguu, akawa mpishi wa wapagazi. Watu wanaanguka njiani kwa njaa na homa, yeye anakoroga uji. Kila ukurasa unadhani atakata tamaa, na kila ukurasa anatafuta kuni.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Bi Hamisa wa Mbagala, Mzaramo halisi, aliyeteleza uani kwake akavunjika nyonga. Aliposikia mama ni Mnyamwezi wa Tabora, akasahau maumivu.

"Kumbe nimelazwa na mtani. Nyie si wa kubeba mizigo? Leo mnabebwa kwa machela, dunia imeharibika."

Mama hakuwa amecheka wiki nzima. Siku ile alicheka, akamjibu kwamba Wazaramo hata machela wangeiuza. Kuanzia hapo nikawa nasomea watu wawili, halafu wanne, halafu upande wote ule wa wodi. Nikichelewa napokelewa kwa masimango. Nesi mmoja akawa anakuja kupima presha saa ileile ya kusoma, na presha za siku hizo alizipima polepole sana. Ukitaka kujua sifa zangu waulize wao, nilikuwa nabadilisha sauti, Mjerumani nampa yake, Kalunde yake.

Na mie mwenyewe kilinishika. Yadi, wenzangu wakienda kula, nilikuwa najibanza kwenye kivuli cha kontena nasoma mbele ili jioni nisikwame. Mashaka, tunayefanya naye kazi zamu moja, akanipachika jina la Profesa. Nilimwambia profesa wako huyu asipomaliza sura ya tisa hatashika mnyororo. Kweli nakuambia, shangazi, zile wiki kichwa changu kilikuwa kimejaa mguu wa mama tu. Sehemu pekee kilipopumzika ni mle kambini kwa Kalunde, kwenye shida za watu wengine.

Sasa lile kosa. Jumatatu moja daktari alituita, akasema mguu wa kushoto ukatwe chini ya goti kabla uozo haujapanda. Akamwachia mama karatasi ya kutia sahihi, akamwomba ajibu kufikia Ijumaa. Kesho yake mchana, nikiwa kwenye kivuli changu cha kontena, nikafungua sura iliyofuata nikakutana na Lutonja, yule mpagazi mcheshi anayependwa na kambi nzima. Kaangukiwa na sanduku la risasi, mguu umeoza, na daktari wa jeshi anaukata.

Nilikifunga kitabu nikabaki nakiangalia. Nikasema hiki sikisomi mbele ya mama.

Jioni nilifika wodini nikasoma vizuri mpaka pale Lutonja anapoangukiwa na sanduku. Halafu nikafunua karatasi tatu kwa pamoja, na zile nilizoruka nikazijaza kwa maneno yangu. Nikasema Kalunde aliingia porini, akachuma majani, akayatafuna, akayafunga kwenye kidonda, na siku ya saba Lutonja akasimama akacheza ngoma. Shangazi, niliyapamba yale majani mpaka na harufu nikayapa. Wodi nzima ikashukuru. Nilirudi nyumbani najiona mwandishi.

Jumatano nilimkuta mama amekaa, uso umechangamka kuliko siku zote. Karatasi ya daktari ilikuwa juu ya meza, haina kitu.

"Nimemwambia daktari sikatwi," akasema. "Mpigie shangazi yako Clara, amtume mtu porini akatafute yale majani. Yeye ndiye mwenye kitabu, atayajua."

Nikamwambia mama, yale ni ya zamani. Akasema mguu wa zamani na mguu wa sasa ni mguu uleule. Nikamwambia daktari amesoma. Akaniambia na aliyeandika kitabu amesoma. Sikukupigia simu, kama unavyojua. Ningekuambia nini?

Alhamisi nilipofika, mama alikuwa amepelekwa kusafishwa kidonda. Bi Hamisa akaniita kwa kidole.

"Njoo hapa, mwana wa mtani. Mie kusoma sijui, lakini macho ninayo. Juzi umefunua karatasi tatu kwa mpigo, na baada ya hapo hukuangalia chini hata mara moja. Yale majani uliyachuma wapi?"

Nikamwambia ukweli wote. Nilidhani atanitukana. Badala yake akasema, "Umemfungia mama yako mlango kwa mapenzi. Akirudi utausoma ule ukurasa. Usiposoma nitamwambia mie, na mie nitamwambia vibaya."

Mama akarudishwa. Nikafungua kitabu. Nikamwambia, mama, juzi nilidanganya, hakuna majani. Nikasoma. Nilisoma kwa sauti moja tu, bila mbwembwe. Lutonja anashikwa na watu wanne. Lutonja anaamka na kupapasa chini ya shuka. Lutonja analia siku tatu, hataki uji, hataki mtu, anamfukuza hata Kalunde.

Hapo mama akaniambia nyamaza. Akageukia ukutani.

"Mtu mzima mie, Fransis. Unanisomea kama mtoto mchanga?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa wewe, ukataka nife mie?"

Mie nimeshatukanwa na madereva wa malori, mabingwa wa matusi wa nchi hii, sijawahi kuumia hivyo. Hakuna mtoto wala ndugu ambaye angethubutu kusema neno. Aliyethubutu ni mtani, kwa sababu mtani anaruhusiwa, na nadhani wazee waliuweka utani kwa ajili ya siku kama ile.

"Sawa, mgeukie ukuta," Bi Hamisa akasema. "Kufa na miguu yako miwili, ni mali yako. Nitakuja msibani kwako na nyonga yangu hii mbovu, nitavaa viatu vyako, nitavaa kanga yako, nitatembea mbele ya waombolezaji namwigiza Margareta aliyependa mguu kuliko mtoto. Na pilau yako nitakula sahani tatu."

Nilidhani mama atamrushia kikombe. Mabega yake yakaanza kutikisika, sikujua analia au anacheka. Nafikiri vyote viwili. Bila kugeuka akauliza, "Baada ya siku tatu akafanyaje?"

Nikatafuta mstari. Baada ya siku tatu Kalunde hakumpa Lutonja maneno ya kumfariji. Alimpa mwiko. Akamwambia uji unakorogwa na mtu aliyekaa, na wenye miguu miwili wote wanahitajika kubeba. Lutonja akakoroga. Siku ya kwanza akauunguza. Siku ya pili akaanza kuwatania wanaokuja kuchota. Mpaka vita inaisha ndiye aliyekuwa roho ya kambi ile, na aliporudi kwao Unyanyembe alitoka stesheni kwa gongo lake mwenyewe, watoto wanamfuata nyuma kama bwana harusi.

Mlinzi alikuja kutoa wageni, nesi akamwambia asubiri ukurasa uishe. Akasubiri, na yeye akasikiliza.

Nimefikiria sana nini kilimgusa mama, nami nafikiri ni zile siku tatu za kulia. Majani yangu yalikuwa mazuri lakini hayakuwa na mtu ndani yake. Aliyeandika kile kitabu alimwacha Lutonja alie mpaka achoke, ndipo akampa mwiko. Naungama mbele yako, shangazi, kwamba yeye ananishinda kidogo. Kidogo tu.

Ijumaa asubuhi mama alitia sahihi, jina lote mpaka la babu. Siku ya upasuaji nilikaa nje kwenye benchi na kitabu mapajani, nikasoma ukurasa mmoja mara kumi bila kujua umesema nini, ila kukishika tu kulinitosha. Daktari alipotoka akasema yupo salama, nilimkumbatia, na yeye hakuwa amejiandaa.

Mama naye alilia siku zake. Hakuna aliyemzuia. Sasa ana mwezi nyumbani, kidonda kimefunga, magongo anayatumia, na mwakani wanasema atapimwa mguu wa bandia. Bi Hamisa naye karuhusiwa, wanapigiana simu kila asubuhi kutukanana.

Jana Jumamosi nilitoka kazini nikasikia harufu ya dagaa kutoka jikoni. Mama alikuwa amejiegemeza kwenye ukuta, gongo moja kwapani, anasonga ugali. Nilitaka kumpokea mwiko, akanitazama jicho lile unalolijua, nikaenda kukaa. Ugali ulikuwa mbichi katikati na dagaa walikuwa chumvi tupu. Mie ninayejulikana kwa kulalamikia chakula, nilikula nikaomba niongezewe.

Ndugu walituletea machungwa, maji, na wengine ushauri. Wewe ulituletea Kalunde. Kama ungekuwa karibu ningekupigia magoti, ila kwa kuwa uko mbali nakupigia kwenye karatasi: asante, shangazi. Mama yangu yupo. Kama kuna kingine kama hicho kwenye kabati lako, kitume, na asali usiisahau, mgonjwa anaiulizia. Mgonjwa mwenyewe ni mie.

Nisalimie dada Editha, mwambie picha yako nimeiweka kwenye simu, ya kuogopeshea watoto. Nisalimie babu Audax, mpe shikamoo yangu kwa sauti kubwa, kwenye sikio lake la kulia. Nisalimie Tekla na mwanawe mchanga ambaye sijamwona. Mungu akulindie macho hayo mpaka uwasomee wajukuu wa wajukuu, na akupe usingizi bila maumivu ya magoti.

Ni mie akupendaye bila kuruka ukurasa, mwana wa kaka yako,

Fransis.

Wifi Clara, haya ni maandishi yangu. Nimeyaandika nikiwa nimesimama. Margareta.