Mahindi Mekundu Kwenye Kopo la Ng'ombe

Kwako kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyoni nitayasema taratibu. Ningeweza kupiga simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika nusu, nawe ukikasirika husikii la mwadhini wala la mteka maji. Barua haikatizwi.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwa furaha tulipoacha kulima kwa jembe la ng'ombe. Bwana shamba, ambaye siku hizi tunamwita Bwana Usilime, alituonyesha kuchimba vishimo vya mbegu tu, udongo mwingine usiguswe, na mabua yote yalazwe juu yake kama blanketi. Mwaka wa kwanza ardhi ililainika hadi nikaweza kuzamisha kidole. Lakini kila baada ya mavuno ng'ombe huachiwa mashambani, na ng'ombe hao ni wako, kaka, wale uliowaacha mikononi mwa baba mdogo. Wanakula mabua hadi la mwisho, kisha wanakanyaga udongo unakuwa mgumu kama sakafu. Mvua ikija maji hayazami. Yanakimbia, na yanaondoka na shamba. Lile korongo ulilokuwa ukiliruka ukienda shule limekula safu zote za juu na sasa limefika karibu na kaburi la mama. Upande wa miguuni pake udongo umeanza kupasuka.

Nilimwendea baba mdogo, nikapiga magoti, nikamwomba ng'ombe wapite kwingine. Akasema ng'ombe walikula hapo kabla sijazaliwa, na kwamba mwanamke aliyerudi kwao na sanduku baada ya ndoa kumshinda hachagui pa kulalia. Nikainuka, nikaenda zangu. Shamba ninalilima kwa hisani yake, na wewe unalijua hilo.

Basi mwezi uliopita wakaja watafiti. Wao wamezoea kuja kutufundisha, na sisi tumezoea kuitikia. Safari hii mkuu wao, mama mmoja mwenye miwani, alisema hawakuja kufundisha. Alisema kilimo hiki cha kutotifua kimewashinda wengi, na kabla hawajaamua wachunguze nini, wanataka wakulima wenyewe waseme kinachowakwamisha. Kaka, nilitaka kulia. Hakuna aliyewahi kutuuliza.

Kila mtu aliambiwa aje na mahindi kidogo kutoka kwake. Kwenye darasa moja la shule walipanga makopo, kila kopo na picha yake: magugu, dawa, mashine ya kupandia, ng'ombe. Unaingia peke yako, unatia punje kadiri jambo linavyokuuma, unatoka. Fundi cherehani akauliza kama lipo kopo la waume wanaokimbia palizi, watu wakacheka hadi mama wa miwani akavua miwani na kufuta macho. Baba mdogo hakucheka. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akimtazama kila aliyeingia. Nami niliingia, nikatoka.

Makopo yakamwagwa mezani mbele ya wote, moja baada ya jingine. Mashine ikashinda, tena kwa mbali; punje zake zilikuwa zimefurika kopo hadi sakafuni. Kisimani hatuna wimbo mwingine ila ng'ombe, lakini mashine ilikuwa imepakiwa kwenye gari la wageni, tumeiona kwa macho, na watu waliona kutaja kitu kingine ni kumrudishia mgeni zawadi yake. Isitoshe, nusu ya kijiji wanaazima fahali kwa baba mdogo. Hata fundi cherehani, mwenye mdomo kuliko wote, alitia punje zake kwenye mashine.

Mwisho likamwagwa kopo la ng'ombe. Lilikuwa limejaa pomoni, na yote yalikuwa mahindi mekundu. Hapakuwa na punje moja nyeupe.

Kaka, hapa kijijini ni nyumba moja tu yenye mahindi mekundu, nawe umekulia humo. Nyumbani sikuwa na mahindi ya kula, tunanunua unga. Kilichokuwepo ni kifuko cha mbegu aliyotuachia mama, nikakibeba nikikusudia kutoa punje chache. Nilipobaki peke yangu na picha ile ya ng'ombe, maneno yale ya kadiri linavyokuuma yakanishika. Nikamimina yote. Niliwapigia kura ng'ombe wako, na nilitumia mbegu ya mama.

Mama wa miwani akasema huyu inaonekana ni mtu mmoja, ila ameumia sana. Mwenyewe akisimama na kueleza, jambo lake litaingia katika utafiti. Baba mdogo akanigeukia, akaniuliza mbele ya watu kama mahindi yale ni yangu. Nikasema si yangu. Nikaongeza kwamba labda nimeibiwa. Yule mama aliendelea kuningoja kwa macho, mpaka nikainamisha kichwa, akafunga kalamu yake. Mahindi yote yakatiwa gunia moja, wakapewa kuku wa mlinzi wa shule. Ningeyadai vipi, na nimeyakana? Nilisimama pale uani nikawatazama kuku wakila mbegu yetu.

Sasa mawingu yanajikusanya na sina cha kupanda. Nikirudi kwenye jembe la ng'ombe, udongo utakaolegea korongo litaumaliza. Watafiti watarudi kuthibitisha waliyoyaandika, na nimeazimia kusimama niseme mahindi yalikuwa yangu. Baba mdogo akinifukuza, sina pa kwenda. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza, kabla hajakupigia na kuyapika anavyojua yeye.

Ng'ombe ni wako. Neno lako moja kwa baba mdogo litanilindia mabua kuliko utafiti wowote. Najua ni mkubwa wako na najua ni zito. Likikushinda sitakununia, ila nakuomba uje kabla ya mvua kubwa, na uje na sepetu, ili tumhamishe mama. Kazi hiyo siiwezi peke yangu.

Msalimie wifi sana. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka kila jioni.

Ndimi mdogo wako,
yule uliyekuwa ukimwita Chiriku, ambaye siku ya kusema alikosa sauti.