Maelezo ya Dada wa Dereva Kuhusu Lori Lililofichwa Chini ya Mabati

Shahidi: mwanamke, miaka 34, mwendesha mitambo, kituo cha mawasiliano ya setilaiti. Anaishi nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo. Jina limehifadhiwa jaladani kwa ombi lake.

Leo tarehe 9 asubuhi nilikuwa zamu, nikifuatilia malori ya dawa. Moja linaendeshwa na mdogo wangu, tunayemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake hauna likizo. Saa nne alinipigia akasema, "Dada, huku jua linatuchoma, hata kichaka hakuna." Sauti ilikuwa safi.

Muda si mrefu kasi ya kutuma ya kifaa cha setilaiti kilichomo kwenye lori lake ikashuka hadi ya chini kabisa. Vifaa hivi vikiona anga wazi hutuma haraka, hata sauti. Vikizibwa hujipunguzia kasi: sauti hukatika, lakini maandishi huendelea kutoka haba na haba, yametandazwa kwenye mawimbi mapana, na mtambo wetu huyachambua katikati ya kelele. Sasa nyikani, juani, kimekiziba nini? Na Kasuku kunyamaza si jambo la kawaida. Niliogopa.

Kabla sijamwambia mtu, msimamizi wetu akasimama nyuma ya kiti changu. Akasema, "Dereva wako katoroka na mzigo. Zima kasi ya chini kwa gari hilo, inatujazia mtambo bure." Nikamuuliza, "Umejuaje, bosi?" Akajibu, "We fanya kazi." Hakuna simu iliyokuwa imeingia. Lisemwalo lipo, ila hili lilikuwa bado halijasemwa na mtu.

Nilizima skrini tu, mtambo nikauacha ukipokea. Alipokwenda kunywa chai niliiwasha. Ramani ilionyesha lori liko kwenye ghala la mabati, kando ya machimbo ya kokoto yaliyofungwa. Nadhani waliomteka walisikia sauti imekatika wakaamini kifaa kimekufa. Yalikuwa yameingia maneno mawili, herufi moja moja: DADA NIMEFUNGIWA.

Niliaga kwamba tumbo linauma, nikaja hapa polisi moja kwa moja. Mdogo wangu ana maneno mengi lakini si mwizi. Mkimkuta na kosa mfungeni, ila mkuteni hai.

Sina la kuongeza. Niliyoyasema nimeyaona na kuyasikia mwenyewe.

Sahihi ya shahidi.

Afisa: Nimemsomea maelezo, amekubali na kusaini. Doria imeondoka kwenda ghalani. Tukiwa tunamalizia, simu ya kaunta ililia. Mwanamume aliuliza kama dada wa Kasuku amefika kituoni. Nimejibu hajafika. Shahidi aliisikia sauti hiyo, na amesema ni ya msimamizi wake.