Babu Akitazama Kamera

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kaniita ofisini. Mabanda yamejaa, mbwa wapya wanalala bafuni, na hakuna mtu anayekuja hapa kituo cha wanyama waliotelekezwa kuchukua mmoja akamfuge. Anataka video ya kuwavuta watu. Mimi! Eti simu yangu ina kamera nzuri. Nikamwambia kazi yangu kuosha mabanda. Akasema ndiyo maana, wanyama wananijua. Haya.

Jumanne, 4 Machi
Aibu tupu. Nimepiga video mabanda yote, nikaweka muziki wa kilio. Shemeji, mume wa dada, kaitazama huku anakula, akasema inatia huruma mpaka mtu anataka kuizima. Chagua mmoja, akasema. Lala chini, mpige video usawa wa macho yake.
Mmoja. Hata hajamaliza kusema nilishajua ni nani.

Alhamisi, 6 Machi
Babu! Mbwa mwenye mdomo mweupe kwa uzee, sikio moja limelala, mwaka mzima hakuna aliyemuulizia. Nililala kifudifudi kwenye sakafu ya banda, shati likalowa chapachapa. Simu hakuitaka kabisa — akageuza uso. Nikaita jina lake taratibu. Akageuka. Yale macho, jamani! Bosi alipoona akasema iwekwe mtandaoni leo leo.
Ningemchukua mimi. Hata sasa hivi. Lakini naishi kwa dada, na mwanawe ana pumu. Manyoya ya kwenye sweta langu tu yanamkohoza, nabadilisha nguo mlangoni. Dada hajawahi kulalamika. Ndiyo maana siwezi hata kuomba.

Jumamosi, 8 Machi
Simu ya ofisi haipumui. Wote wanamtaka Babu! Mwenzangu wa zamu ananitania: umemtafutia mchumba mwenyewe, sasa umenuna nini? Sijanuna.
Nimenuna.

Jumatatu, 10 Machi
Wamekuja. Mume na mke, watu wazima, watoto wao wameshahama. Wana ua mkubwa. Nimewatafutia kasoro, sikupata. Yule mama akachuchumaa, akaita: Babu. Wapi! Jicho lote kwangu. Akaita tena. Kwangu tena. Akauliza, mbona kwenye video alikuwa anatutazama sisi?
Hakuwa anawatazama wao. Nyuma ya ile simu nilikuwepo mimi.
Bosi akaninong'oneza: mdogo wangu, hebu jifiche kidogo, akikuona hatakwenda.
Basi niko stoo, nimekalia gunia la chakula, naandika ili mikono isifungue mlango. Nasikia kucha zake sakafuni. Zinakuja huku. Ananusa chini ya mlango. Yule mama anamwita tena, polepole, vizuri, vilevile ninavyomwita mimi. Nenda, Babu. Atakupenda huyo, naona. Nenda basi, baba.
Kucha zimenyamaza. Hajaondoka — pua yake naiona hapa chini, imelowa, na mimi nikisema neno moja tu hatakwenda nao.