Marahaba Yangu Husubiri Sabuni

Jumanne. Ukungu umegoma kuinuka tangu asubuhi, na sare niliyoanika jana bado inachuruzika maji. Nina hasira, na leo sitaki kutulizwa.

Mimi ni muuguzi hapa Lushoto. Tangu corona irudi nimepangwa wodi ya wanaokohoa. Mwanzoni, nikirudi jioni, mwanangu Neema alikuwa akinikimbilia, nami namkimbia. Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Nazunguka nyumba, yeye analia nyuma yangu. Nililia kuliko yeye.

Kisha nikapata ufumbuzi. Neema amelelewa kwa adabu ya huku: ukishamwamkia mkubwa, husogei mpaka akuitikie. Basi tukawekeana sheria. Ananipa shikamoo yake kutoka kibarazani, mimi kimya. Naingia bafu la nje, naloweka sare, najisugua mpaka ngozi iwashe, navaa kanga safi. Ndipo naitikia "Marahabaa!" kwa sauti ya kufika sokoni, naye ananirukia.

Ni mchezo wetu, na umetufaa.

Lakini wapita njia husikia nusu. Habari zikapanda hadi Rangwi kwa mama mkwe: mkweo anakataa shikamoo ya mwanawe. Huku kumnyima mtoto marahaba ni karibu sawa na kumkana. Leo nimerudi nikamkuta kibarazani, nguo za Neema zimeshafungwa furushi.

Neema akanipa shikamoo yake, nami, kwa sheria yetu, sikuitikia. Nikamwamkia bibi yake kutoka getini. Hakuitikia.

"Mtoto anakusalimu unanyamaza kama jiwe," akasema. "Naondoka naye. Au acha hiyo kazi umlee mwanao."

"Mama, nakuheshimu. Mtoto haendi, na kazi siachi."

Akahamia Kishambaa, kama afanyavyo akikasirika. Nikampigia mume wangu, fundi wa magari kule Mombo. Eti, "Mama ni mama, mwache aende naye kidogo." Yeye anashinda na magari ya mikoa yote, madereva wanamkoholea usoni, lakini hakuna aliyewahi kumwambia aache kazi au aache mtoto. Mama ndiye mwenye virusi, baba ana shughuli!

Nilikata simu nikaenda kuoga. Niliogopa, sifichi. Mama mkwe angeweza kumbeba Neema tu akaondoka, nami nimejaa povu. Lakini sikupunguza hata kidogo kujisugua.

Nikiwa humo nikamsikia akimhimiza, "Twende, mjukuu wangu." Na sauti ya Neema, imara kabisa:

"Bibi, siwezi. Mama hajaitikia."

Aliyemfundisha asisogee kabla ya kuitikiwa ni bibi huyohuyo.

Nikavaa kanga, nikatoka, nikaitikia. Neema alikuja mbio akaniangusha matopeni, tukacheka wote wawili. Bibi aliona yote, tangu sabuni hadi matope. Nilidhani atalainika. Wapi! Alifungua furushi, akaingia ndani kulala.

Mpaka sasa hajaniitikia. Mimi nikinyamaza nina sababu ya sabuni. Yeye sijui anasubiri kuoga nini.

Kesho asubuhi nitamwamkia tena, kwa sababu nimelelewa. Akininyima marahaba yake, nitavaa barakoa yangu niende wodini bila hiyo. Basi la Rangwi atalipanda peke yake.